Kafuri Mchana wa Baghdadiya

Weka mkono kifuani uniapie kwamba hili halitoki hapa. Umeapa? Basi na sisi tuliapa vivyo hivyo, wanawake wote tuliokuwa nyumbani kwa Bi Ibtisam siku ile, Baghdadiya, Jeddah, na magharibi haijaadhiniwa habari ilikwishafika Riyadh. Sogea. Nikifa nayo itanivimbisha tumbo.

Samia alikuwa na ada ya kulala mchana. Jeddah baada ya adhuhuri hata paka hafumbui jicho. Siku moja akaamka, vidole vya miguu vimeroa. Si jasho, maana kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Ni maji, tena yananuka kafuri. Akajifuta, akajisemea kiyoyozi kinavuja.

Wiki hiyo ndiyo aliyoanza kuulizia kaburi la mama yake. Mama yake, Hala, alifariki yeye hajaota meno, akalelewa na dada mkubwa wa marehemu, huyo Bi Ibtisam, aliyekuja kwa umra kutoka Pemba akagandia huku. Sasa Samia kaposwa, na hakutaka kuingia nyumba ya mume bila kumuaga mama yake. Asimame japo nje ya ukuta wa makaburi, amwambie, "Mama, ninaolewa."

"Makaburi ya huku hayana majina, mwanangu," alisema Bi Ibtisam, sinia la mchele mapajani. "Jiwe tu na upepo. Muombee hapo hapo ulipo."

"Lakini Mamkubwa, si ulikuwepo akizikwa?"

"Nilikuwa nalia. Anayelia huona njia?"

Samia akaenda mwenyewe kutafuta cheti cha kifo. Ofisi ya kwanza wakamwambia mafi, hakuna. Makaburini akamtuma mchumba wake, mafi. Hakuna Hala binti Suleiman aliyekufa, hakuna aliyezikwa. Ofisi ya mwisho karani alipiga kompyuta yake, akaitazama, akacheka.

"Huyu unayemtafutia kaburi ikama yake, kibali chake cha kukaa nchini, imekatwa upya Shaabani. Mwambie akuoneshe kaburi mwenyewe!"

Samia alirudi akamweleza mama yake mkubwa. Mkono wa Bi Ibtisam ukasimama juu ya mchele.

"Kompyuta nayo ni mtu, hukosea," alisema. Wala hakuchambua tena siku ile.

Tangu hapo maji yakapanda. Leo magotini, kesho kiunoni. Na Samia hakuwa tena mtu wa kulala akaamka kaloa. Sasa alikuwa akilala macho wazi, mwili mzito kama gunia la chumvi, ulimi umegandana na kaakaa, akisikia bafuni kopo likichota na kumimina, likichota na kumimina, na kila linapomimina kule baridi inamtambaa yeye huku kitandani, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kwa upole, kwa utaratibu, kama anavyooshwa mtu asiyeweza tena kulalamika. Akija kuweza kuinuka, bafuni hamna mtu. Sakafu imeroa tu.

Akampigia simu Maalim Yazid, Mzanzibari anayeuza udi Sulimaniya, kule Riyadh, na kwa mlango wa nyuma husomea watu.

"Yamefika wapi?" Maalim aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kifuani."

"Lahaula. Huyo anaosha kinyumenyume, kutoka miguuni. Akikufika utosini, mwanangu, kitakachobaki ni sanda. Nakuja."

Akaja kwa ndege, mchana, saa ya watu kulala. Wanawake tukajaa sebuleni, Samia katikati. Jirani Zeinab, mdomo haumsitiri, akamnong'oneza, "Sema kweli, shoga, si mchumba anayekuja kukuosha?" Tukacheka. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho.

Maalim alianza kusoma, na mbele ya macho yetu kanga ya Samia ikaanza kuroa yenyewe, kutoka kifuani kwenda kooni, kooni kwenda kidevuni, kafuri ikapanda mpaka watu wakaziba pua, na kule bafuni, mlango umefungwa, kopo likachota, likamimina, likachota, likamimina.

"Marehemu jina lake nani?" Maalim aliuliza, jasho linamtoka.

"Hala binti Suleiman."

"Muite. Kwa sauti. Aliyezikwa kwa jina lake haitiki."

Samia akaita, meno yanagongana, "Hala binti Suleiman!"

"Abee!"

Ikatoka bafuni, upesi, kama mtu aliyezoea kuitwa hivyo madirishani mwa ofisi. Na sauti ile sote tuliijua.

Zeinab akausukuma mlango. Bi Ibtisam alikuwa kapiga magoti mbele ya beseni, mkono mmoja ndani, wa pili na kopo. Majini mlikuwa na kanga nyingine ya Samia, imefungwa fundo kama kichwa cha mtu. Ikama imemponyoka kifuani, iko sakafuni. Picha yake. Jina la mdogo wake.

"Mama ulimzika kwa jina gani?" Samia aliuliza.

"Langu." Hata hakugeuka. "Yeye alikuwa na ikama, mimi sina. Wangenirudisha Pemba, wewe ungelelewa na nani? Wakaandika amekufa Ibtisam, halas, yakaisha. Jina la mama yako ndilo lililokulisha, mwana usiye na shukurani!"

"Na maji?"

"Nilimwambia akutie homa tu, uache kuuliza. Nilimwambia asipite kooni."

"Ulimwambia nani, Mamkubwa?"

Bi Ibtisam akataka kuinuka. Mkono ulioko majini haukutoka. Akauvuta, beseni zima likaburuzika sakafuni. Beseni la kufulia soksi lile, maji hayafiki kifundoni, na humo ndani, chini ya kanga, tuliviona vidole vilivyokunjamana kwa kukaa majini, vimemshika kiganja kama wanavyoshikana ndugu wakivuka barabara.

Maalim akasahau aya.

"Niachie," Bi Ibtisam alilia, mbele yetu sote. "Niachie, Hala!"

Maji yakatulia. Ndani yake ikajibu sauti changa, ya mwanamke aliyekufa kabla hajazeeka:

"Hala si wewe, dada?"