Pumzi Juu ya Vibao

Asubuhi hiyo maabarani walikuwepo watu wanne: Shangazi, aliyekuwa mtafiti mkuu; fundi wa vyombo, aliyeitwa Taratibu kwa sababu hata kikombe cha chai alikitua mezani kama yai; msaidizi wa utafiti, kijana aliyehitimu chuo mwaka uliopita; na binti wa kaka yake Shangazi, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye wote walimwita Kiherehere.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kila siku Kiherehere alivaa koti jeupe, akaikunja mikono ya koti mara tatu, akapanga chupa na kubandika lebo. Kazi ya Shangazi aliijua. Ndani ya kisanduku cha kioo mlikuwa na vibao viwili, vyembamba kuliko unywele, vilivyotazamana bila kugusana. Shangazi alikuwa amemweleza kwamba hata hewa yote ikiondolewa, nafasi inayobaki si tupu kabisa. Mna mtikisiko mdogo mno usiokoma, nao huvisukuma vibao vikaribiane. Katika mashine ndogo kabisa, nguvu hiyo huweza kuzigandanisha sehemu zake, mashine ikafa. Kwa miaka mitatu Shangazi alikuwa akichonga matuta juu ya vibao, kama ya shamba lililolimwa, akitumaini kwamba yangeipunguza nguvu hiyo.

Kabla ya kipimo, Kiherehere alifunua kisanduku achungulie. Akaona chembe ya vumbi. Bila kufikiri, akafanya alivyozoea kuifanyia miwani ya Bibi: akavipulizia vibao pumzi ya moto, akafunika. Hakuna aliyemwona.

Kufikia saa nne, vibao vilikuwa vimegandana. Taratibu alijaribu mara mbili kuvitenganisha, wapi. Shangazi akasema kwamba bila shaka matuta yameiongeza nguvu badala ya kuipunguza. Kabla ya adhuhuri angewaandikia watafiti wenzake kwamba mchoro huo wa matuta uachwe.

Kiherehere hakukalika. Alipanga kalamu, akazipangua. Alimimina maji, asiyanywe. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Hebu tulia, mama," Taratibu alimwambia. "Leo umekalia siafu?"

Akacheka kicheko kisichofika machoni. Alijiambia kwamba pumzi si kitu, haina hata uzito. Lakini Shangazi alipoanza kuandika, alisita na kujifuta macho kwa mkono wa koti.

"Shangazi, usiandike."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilifungua kisanduku. Nikavipulizia vibao pumzi, kama miwani ya Bibi. Ilikuwa kabla hamjapima."

Shangazi aliondoa vidole kwenye kompyuta. Taratibu akaeleza polepole kwamba pumzi ina unyevu, na tone dogo la maji likiingia kati ya vibao hivyo huvishika kama gundi. Msaidizi alinung'unika kwamba siku nzima imeharibika. Shangazi hakumkanya. Alikiri kwamba yeye pia amekasirika, kisha akaagiza vibao vya akiba, vilivyochongwa kwa mchoro uleule.

Saa tisa alasiri tarakimu zilitokea kwenye kioo cha kompyuta. Vibao havikugandana, na nguvu ilikuwa ndogo kuliko ile ya vibao visivyo na matuta. Msaidizi alirukaruka, akataka ripoti iandikwe papo hapo.

Shangazi alimvuta Kiherehere karibu. "Pumzi yako imetuharibia vibao viwili, na vibao huchongwa vingine. Kimya chako kingetuharibia kazi ya miaka mitatu, na tusingejua kamwe kilichotupata. Kosa likisemwa mapema hurekebishika, mwanangu. Likifichwa, hata wasio na hatia hujenga juu yake."

Kisha akawageukia wengine.

"Ripoti haiandikwi leo. Vibao hivi vitapimwa mara kumi, maana kipimo kimoja kizuri bado si ukweli. Na kuanzia sasa, kila atakayegusa chochote, nikiwemo mimi, ataandika daftarini alichogusa na saa aliyokigusa. Mstari wa kwanza utaandikwa na Kiherehere."