Masika Niliyokwenda Kuaga Ukapera

Nina miaka thelathini na moja. Nashona maturubai ya malori hapa Tunduma, na nimehitimu masomo ya jioni, cheti kimetundikwa ukutani. Pamoja na cheti hicho, hadi mwaka jana niliamini kwa moyo wote kwamba masika yakikolea Dar es Salaam, hoteli za ufukweni huwalipa watu wakalale ndani, ziwe nzito, zisielee!

Chekeni tu. Hata mimi nilicheka sana, kabla sijaanza kulia...

Habari hiyo aliileta rafiki yangu Osia, muuza viatu, naye aliipata kwa madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Foleni ya malori ikilala siku tatu, uongo unaozaliwa pale unaweza kujaza tela zima na turubai lisifunge!

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Tusekile, binti wa Mzee Asegelile wa kule milimani Ileje. Niwaambieje uzuri wake? Akicheka, hata mahindi yasiyokomaa yalikomaa! Posa ilikubaliwa, harusi ikapangwa Agosti. Kabla ya hapo mimi na Osia tulitaka safari moja kubwa ya mjini, ya kuaga ukapera. Swali likawa, twende lini?

Dada yangu Neema alisema Julai. "Mahindi yatakuwa ndani, barabara kavu, na Dar yenyewe joto limepungua. Mtatembea kama watu."

Osia akaruka. "Julai kila mtu anakwenda, dada! Masika ndiyo yenyewe. Tena huyu bwana harusi atalipwa mara mbili, maana ana mawazo mazito!"

Tulicheka hadi sindano ikanichoma kidole. Nikachagua masika. Wiki ya kwanza ya Aprili.

Tiketi zikiwa mfukoni, Tusekile akapiga simu. Alisema baba yake ananiita wiki hiyohiyo, niende tupalilie maharage pamoja. Kwao, mkwe akiitwa shambani haulizi, anabeba jembe. Nilijua hivyo! Lakini niliwaza, palizi si ipo kila mwaka? Ukapera nitauaga mara ngapi?

Basi nikasema uongo. Nikamwambia nina homa ya matumbo, sinyanyuki kitandani, hata uji unanishinda. Nikakohoa na kukohoa, ingawa homa ya matumbo haina kikohozi. Maskini Tusekile alianza kulia kwenye simu. Mimi nikakata, nikaendelea kukunja mashati.

Ndugu zangu, Dar ilitupokea kwa mvua ambayo naapa ilinyesha kutoka juu, chini na pembeni! Siku mbili hatukuona barabara, tuliona mto wenye magari. Osia alimuuliza dada wa mapokezi tutalipwa saa ngapi kwa kuizuia hoteli isielee. "Kaka, hoteli ielee, kwani boti?" Kisha akatuandikia chumba kama wateja wengine.

Siku ya tatu mvua ikakatika asubuhi. Tulikuwa tumesimama barazani, Osia amevua viatu, anachezea maji kama bata. Simu yangu ikaita. Tusekile!

Nikaipokea kwa sauti ya mgonjwa. Naye alikuwa anahema. Akasema baba yake alipopata habari kwamba naumwa hakulala. Asubuhi alichukua kuku mmoja na ndoo ndogo ya asali, akapanda bodaboda aje Tunduma kuniona. Kwenye mteremko pikipiki ikateleza kwenye tope. Dereva alichubuka tu, lakini mzee amevunjika nyonga...

Kabla sijafungua kinywa, Osia akapaza sauti nyuma yangu: "Bwana harusi, njoo! Dar tamu hata ikinyesha!"

Tusekile akauliza neno moja tu: "Dar?" Kisha akakata.

Nikaingia ndani kukunja mashati yangu tena.

Safari ya kurudi niliiona ndefu kama mwaka. Nilikwenda moja kwa moja hospitali. Mama yake Tusekile alisimama mlangoni, akaniambia kwa heshima kabisa kwamba mgonjwa amelala. Nilirudi kesho yake, akawa amelala. Keshokutwa, amelala. Wiki iliyofuata mshenga wetu alikuja na jembe na blanketi tulivyopeleka siku ya posa. Aliviweka mlangoni, hakutaka hata maji ya kunywa.

Mfupa uliunga vibaya. Mzee Asegelile, aliyekuwa akipanda mlima ule huku anapiga mluzi, sasa hufika mwisho wa uwanja wake kwa magongo. Tusekile amechukua shughuli zote za baba yake. Nilimtumia watu, nikamtumia barua ya kurasa nane. Jibu lake lilikuwa fupi: hana chuki nami, ila kila akisikia sauti yangu anasikia na kile kikohozi.

Agosti ilikuja. Hali ya hewa safi, barabara kavu, harusi kila kata. Mimi nilishona maturubai.

Vijana wenzangu, nawasihi! Mkitafuta msimu mzuri wa kwenda kustarehe mjini, msiulize tu mvua itanyesha lini na nafuu ipo wapi. Ulizeni nani anawasubiri nyumbani wakati huo. Na ugonjwa usiuseme kama huna. Wapo watu wema watakaopanda pikipiki kwenye tope kwa sababu ya neno lako!

Mwezi Septemba nilipanda Ileje na jembe begani, nikamkuta mzee amekaa kibarazani, mguu ameunyoosha. Nilipiga magoti. Nilimwambia anipe shamba zima nilime, hata miaka saba, nilipe ile palizi niliyoikimbia.

Hakunifokea. Alinionyesha kwa gongo kipande cha ardhi kando ya nyumba, si kikubwa kuliko uwanja wa kanisa.

"Shamba lenyewe ndilo hilo, kijana. Tusekile na mama yake hulimaliza siku mbili. Sikukuita upalilie. Nilikuita nikujue."