Karai la Kesho Mapema

Nyumba yetu iliharibika siku ya Jumanne, tarehe tisa, saa nne asubuhi. Saa hiyo fundi alikipiga choo chetu nyundo. Hatukuwa na choo kingine.

Tulikuwa wawili nyumbani, mimi na mama mkwe wangu. Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita, akisubiri mkubwa mmoja wa hospitali atie sahihi karatasi yake ya matibabu. Baada ya msiba, mama yake hakuondoka. Alisema, "Mwanangu, nikienda, nani atakukumbusha kula?" Basi akabaki. Kila asubuhi namwamkia, tunakunywa chai, tunasikiliza redio, tunawasema wakubwa.

Mama haoni vizuri, na goti lake linamsumbua. Sakafu ya bafu ilikuwa inateleza. Siku moja aliteleza, akashika ndoo badala ya ukuta. Hakuvunjika mfupa, lakini mimi usingizi uliniruka. Nikaamua kutengeneza: vigae visivyoteleza, choo kipya cha kukalia, na chuma cha kushikia ukutani.

Fundi nilimpata kwa muuza saruji. Watu walimwita Kesho Mapema. Nilidhani ni kwa sababu anawahi kazini.

"Mzee wangu," aliniambia Jumanne hiyo, "nabomoa vyote leo. Kesho mapema nakuja na vigae. Siku tatu tu, unaoga kama mfalme."

Nilimpa pesa zote. Nilimpa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Hatukuandikiana kitu. Mimi shule niliishia darasa la nne, na kalamu naiogopa kuliko nyoka.

Akang'oa choo. Akang'oa vigae vya zamani. Akakata bomba, akaliziba kwa mfuko wa plastiki. Kifusi chote alikimwaga ukumbini, kuanzia mlango wa bafu hadi karibu na kitanda cha mama. Saa kumi akaondoka. Aliacha ngazi, mwiko na karai la kuchanganyia saruji.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Nilipiga simu.

"Niko njiani, mzee wangu. Kesho mapema."

Wiki ikapita. Vumbi liliingia kwenye chumvi, kwenye shuka, kwenye chai. Mama alikwenda choo cha jirani mara nne kwa siku, na fimbo yake, mvua au jua. Mimi ni mkwe wake. Sikuweza kumuuliza, "Mama, unataka kwenda?" Na yeye hakuweza kuniambia. Akitaka kwenda, alisema, "Ngoja nikanyooshe miguu." Nami nilimwondolea matofali njiani, bila neno.

Nikaona ameanza kukataa chai. Alikuwa anapunguza safari.

Kisha akapiga simu shemeji yangu, mtoto wa kiume wa mama.

"Shemeji, nasikia mama anaomba choo kwa majirani?"

"Fundi yuko njiani, shemeji."

"Sikulaumu. Lakini mwisho wa mwezi nakuja. Nikikuta hakuna choo, namchukua."

Nilikaa juu ya kifusi. Mama akiondoka, nyumba hii itabaki kuta na mimi.

Nikamwita fundi mwingine. Alifika, akachungulia bafuni, akaliona lile karai. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, kazi hii ina mwenyewe. Vyombo vyake hivi hapa. Siwezi kumwingilia mwenzangu."

Nikamwita wa pili. Naye vilevile. Ndiyo desturi yao mafundi: chombo cha mtu kikiwa ndani, kazi ni yake.

Mimi, kwa ujinga wangu, karai lile lilinipa moyo. Nilijiambia, mtu hawezi kutupa vyombo vyake, lazima atarudi. Nikawa nalifuta vumbi. Usiku nalifunika.

Jirani yetu mwenye choo alikuwa mama mmoja aliyesimamia ujenzi wa majengo kwa miaka thelathini. Amestaafu, lakini futi ya kupimia haimtoki mkononi, ndiyo maana tunamwita Bi Kipimo. Jumapili moja alimrudisha mama nyumbani, akanikuta nafuta karai.

"Jirani, unafanya nini?"

"Natunza vyombo vya fundi, Bi Kipimo. Akirudi avikute salama."

Akalichukua karai, akaliinua juu, akanitazama kupitia tundu lililokuwa katikati. "Nakuona vizuri sana," alisema. "Na hili ndilo la kuchanganyia saruji?"

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, umemwogesha mtoto wa watu bure!"

Nikautazama mwiko. Ulikuwa umekatika. Ngazi haikuwa na kidato cha pili wala cha tatu. Siku zote nilikuwa navifuta, sikuviona.

"Hivi si vyombo," alisema Bi Kipimo. "Huyu anakamata kazi nyingi kwa pamoja. Kila nyumba anaacha chakavu, ili fundi mwingine asiingie. Wewe unamlindia, yeye yuko kwa mwingine anabomoa."

"Sasa nivitupe nje?"

"Usithubutu! Atasema umemwibia. Leta daftari."

"Kuandika mimi siwezi."

"Darasa la nne si haba. Andika taratibu, hatukimbizwi."

Kwanza alipiga picha kwa simu yake: bomba, kifusi, sakafu, na vyombo. Kisha nikaandika. Kazi tuliyokubaliana. Iliyofanyika. Isiyofanyika. Tarehe aliyoanza na tarehe ya mwisho aliyoonekana. Mwisho niliandika kwamba nampa siku saba. Akirudi, amalize. Asiporudi, kazi si yake tena, na vyombo vyake vitakuwa ofisi ya mtaa.

"Ongeza," mama alisema, "kwamba kesho yake imeshazeeka kuliko mimi."

"Hilo tuliache, mama," alijibu Bi Kipimo. "Barua ya malalamiko haitukani. Ikitukana, watasoma matusi tu."

Tulitia sahihi, Bi Kipimo akiwa shahidi. Nakala moja tulimpelekea fundi mkononi, kwenye nyumba nyingine aliyokuwa anabomoa. Nyingine nilibaki nayo.

Siku ya tano alikuja, amekasirika.

"Mzee wangu, unaniandikia barua kama mimi mwizi? Si ungenipigia tu?"

"Nimekupigia mara ishirini na moja."

"Nilikuwa na matatizo."

"Na mimi sina choo."

Bi Kipimo akaingia kati. "Baba, hakuna ugomvi hapa. Unaanza leo, au unaiacha kazi?"

Akakitazama kifusi. Akakuna kichwa. "Leo haiwezekani. Labda kesho…"

"Usimalizie," mama alisema kutoka kitandani.

Akaandika kwamba ameiacha kazi. Akatia sahihi, akarudisha ufunguo, akabeba vyombo vyake, akaenda. Pesa alisema ameshazitumia. Barua inaweza kunisaidia kuzidai, lakini mpaka leo sijaona hata senti.

Zilibaki siku tano mwezi kuisha. Nikauza baiskeli yangu. Yule fundi wa pili alikubali kuja, kwa kuwa sasa kazi haikuwa na mwenyewe. Safari hii tuliandikiana kabla ya nyundo kuinuka. Malipo yatakuwa kwa hatua, baada ya kazi kuonekana, si kabla. Vifaa nitanunua mwenyewe. Kila jioni kifusi kitolewe. Tena choo kitangulie, mengine yafuate.

"Mzee, umekuwa mkali," alisema fundi akicheka.

"Si ukali. Nimechoka tu."

Choo kilisimama siku ya pili. Baada ya vigae, Bi Kipimo alimwaga ndoo ya maji sakafuni kabla sijatoa malipo ya mwisho. Maji yakasimama kwenye kona moja.

"Hapa pana shimo," alisema. "Rudia."

Fundi akanuna, akarudia. Safari ya pili maji yote yalikwenda kwenye tundu lake. Akafunga chuma cha ukutani, mimi nikakishika, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Hakikutikisika. Nikalipa.

Mwisho wa mwezi shemeji alifika na gari. Mama hakumsalimu kwanza. Aliingia bafuni, akafunga mlango. Tukasubiri. Tukasikia maji, halafu wimbo. Shemeji akanitazama, nami nikatazama dari. Alipotoka, mama alimwambia shemeji, "Mwanangu, umekuja kunitembelea? Karibu chai. Leo mimi nakunywa vikombe viwili."

Shemeji aliondoka peke yake.

Jumatatu nilipeleka barua ofisi ya mtaa, ili wengine wasiumie. Karani aliisoma, akavuta faili kutoka kabatini. Lilikuwa nene. Juu yake pameandikwa jina la fundi yule yule.

"Yako ni ya kumi na mbili," alisema.

"Mlikuwa mnamjua?"

"Malalamiko tunayapokea, mzee."

"Mkishayapokea?"

"Tunayahifadhi."

Huko nje naona fundi yule anaendelea kubomoa. Mnaosoma hapa, andikianeni na fundi kabla hajaanza, na pesa zitoke kwa hatua. Hilo liko mikononi mwetu. Lakini kuna lililo mikononi mwa ofisi ya mtaa, na swali langu karani alilipeleka kwa mkuu wake. Ni wiki ya tatu sasa. Naenda kila Jumatatu, nakaa kwenye benchi, naambiwa nisubiri.

Swali langu ni hili, wakubwa wa ofisi ya mtaa: watu kumi na mmoja walikuwa wameshaandika. Kwa nini hakuna hata mmoja wenu aliyebandika jina la fundi huyo mlangoni kwenu, tukaliona kabla hatujamfungulia milango yetu?