Mbao Zilizopinda Timboroa

Kila Jumamosi, akishamaliza kukama ng'ombe na kupeleka maziwa barabarani, Jepchumba alikuwa na kazi moja zaidi. Aliingia kwenye banda nyuma ya nyumba yao, pale Timboroa, akageuza mbao. Zilikuwa mbao mbichi za saiprasi, zimepangwa safu juu ya safu, na kati ya safu moja na nyingine vimewekwa vijiti vikavu ili hewa ipite. Kazi yenyewe si ngumu, lakini inachosha, na Timboroa ni baridi. Vidole hufa ganzi kabla hujafika katikati ya rundo.

Mbao zilikuwa za kikundi cha msitu. Mwenyekiti wake alikuwa babake Jepchumba, Mzee Amos. Kikundi kilitaka kujenga vibanda vya kulaza wageni wanaokuja kutembea msituni. Walikuwa wamekubaliana kwamba miti ya asili haitaguswa. Wangetumia saiprasi iliyopandwa, na palipoangushwa mti wangepanda mingine. Vibanda vingesimama juu ya mawe ili maji ya mvua yapite chini bila kubeba udongo, na paa lingetokeza mbele ya kuta ili mbao zisilowe.

Aliyevichora, akachagua mbao na kuelekeza namna ya kuzipanga, ni Fundi Nderitu. Zamani alikuwa na karakana papo hapo Timboroa. Ilichomwa mwanzoni mwa mwaka wa 2008, katika ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, naye akakimbilia kambini Eldoret na familia yake. Sasa ilikuwa 2011. Mkewe na watoto waliishi katika chumba cha kupanga mtaa wa West Indies, huko huko Eldoret, na yeye alikuja Timboroa peke yake, kujaribu. Alisema wazi kwamba kazi hii ikienda vizuri atawarudisha. Isipoenda vizuri, hatakanyaga tena hapo.

Jepchumba alimpenda fundi huyo. Alipokuwa akichora, fundi alimuuliza ni wapi mgeni aliyelowa na kuchoka angependa kuketi avue viatu. Jepchumba akasema nje, chini ya paa. Fundi akachora benchi hapo, wala hakumcheka.

Kisha mvua ikaanza, ikakataa kuisha. Kuni zililowa. Asubuhi moja moto ulimshinda Jepchumba kabisa, mama akingoja chai, na moshi umemjaa machoni. Alikimbia bandani, akachomoa vijiti vichache katikati ya mbao. Viliwaka mara moja. Jumamosi iliyofuata alichomoa vingine, na baadaye vingine tena, hadi mbao zikalaliana. Kuzigeuza aliacha. Alijiambia mbao ni mbao tu, zitakauka. Babake alipomuuliza jioni kama amezigeuza, alijibu ndiyo.

Siku ya kuanza ujenzi, wanakikundi walikuja bandani na kufunua turubai. Mbao zilikuwa zimejikunja kama ngozi iliyosahaulika juani, na kati yake kumeota ukungu mweusi.

"Mgeni akilala humo ataamka shingo imepinda," mtu mmoja akasema, na wachache wakacheka.

Mama Priscah, mwenye duka, hakucheka. "Mimi nilisema. Hawa watu wana kinyongo. Karakana yake ilichomwa, sasa ametuchagulia mbao za kutulipiza."

Fundi Nderitu alipapasa mbao moja, akainama kutazama chini ya rundo. Akasema kwa upole kwamba hazikupangwa alivyoelekeza.

"Mwenyekiti ametuambia zinageuzwa vizuri. Kwa hivyo mwongo ni yeye?" Mama Priscah akauliza.

Mzee Amos alikunja uso. "Mtoto wangu amezigeuza kila Jumamosi. Huyu hadanganyi."

Macho yote yakamgeukia fundi. Yeye hakubishana. Aliufunga msumeno wake kwa gunia, akatia randa na nyundo kwenye mkoba, akatoka kuelekea barabarani. Jepchumba alimwona akienda, akajua hatarudi. Alitamani mtu mwingine aseme jambo lolote, lakini hakuna mwingine aliyejua.

"Baba, sikuzigeuza," akasema. "Vijiti nilivichoma jikoni."

"Nani amekufundisha kusema hivyo?" Mama Priscah akamuuliza.

"Hakuna, Mama. Nenda uangalie. Vingine viko kando ya mafiga."

Mzee Amos hakumpiga wala kumfokea. Alimfuata fundi mbio, akamshika mkono, akamrudisha mbele ya watu wote na kumwomba radhi hapo hapo. Fundi alikaa kwenye gogo, akaufungua msumeno. Alisema mbao fupi zitapatikana kwa kukata palipopinda, zifae kwa ngazi na vigae vya mbao vya paa, lakini za kuta zitapasuliwa upya na kungoja zikauke. Kuzipanga, akasema, ni kazi ya Jepchumba. Likizo yake ya shule ikaishia humo bandani.

Mama Priscah hakuomba radhi siku ile. Kesho yake alikuja na birika la chai, akamjazia fundi kikombe cha kwanza.

Kibanda cha kwanza kilikamilika mapema mwaka uliofuata, na wageni wakalala ndani mvua ikinyesha, wasiguswe na hata tone. Familia ya Nderitu ilirudi na vitanda vyao juu ya lori. Siku moja, wakipanga mbao za kibanda cha pili, Jepchumba alimuuliza fundi kama bado ana hasira naye.

"Ya vijiti? Baridi ya hapa hata mimi naijua," Nderitu akasema. "Lakini sikia. Karakana yangu ilichomwa kwa sababu mtu alisema nimeficha mapanga ndani. Jirani yangu aliingia mle kila siku. Alijua hakuna kitu ila mbao. Akanyamaza, kwa sababu aliogopa. Ukijua ukweli na mwenzako anaumizwa kwa uongo, sema, hata kama aibu ni yako. Wewe ulisema kabla sijafika barabarani. Ndiyo maana watoto wangu wako hapa."