Ngazi ya Kutokea

Lipu ilikataa kukauka. Mwashi alikuwa ameshaipiga mara tatu ndani ya birika la ubatizo, chini ya mbao za mimbari, na bado ukuta mmoja ulitoka jasho, ukinuka nguo zilizovunda. Kuta nyingine zilikuwa kavu kau.

"Huu ukuta umenichosha, mchungaji. Saruji ileile, mchanga uleule, mkono uleule."

"Jumapili nabatiza, fundi. Na mkeo ndiye wa kwanza."

"Huyo ndiye anayenicheka. Anasema nimeoa mke wa pili, ukuta."

Mchungaji alicheka, kisha akaeleza. Waliojenga kanisa hili la mawe, lenye madirisha marefu ya tao, waliliwekea birika ngazi mbili: unashuka huku na utu wako wa kale, unatokea kule ukiwa mpya. Baadaye kwaya ikakua, jukwaa lake likapanuliwa, ngazi ya kutokea ikazibwa kwa ukuta huu. Tangu hapo watu hushukia na kupandia palepale.

"Basi tuvunje, hewa ipite."

"Tuvunje jukwaa wiki ya ubatizo? Piga lipu, bwana."

Akapiga, amenuna. Adhuhuri, jua likiwa limejaa madirishani, akasikia nyuma ya ukuta nyayo za majimaji zikipanda, zikisita, zikishuka. Akabandika sikio, na upande wa pili kitu nacho kikabandika sikio, kikapumua, na ile harufu ikamjaa mdomoni, na nyayo zikawa nyingi, zikasukumana, zikapanda na kushuka, kana kwamba yote yaliyoachwa majini miaka hiyo yote yalikuwa yakitafuta mlango, yakiukosa, yakirudi, yakipanda tena.

"Tuahirishe," alimnong'oneza mkewe jioni. "Mle mna kitu."

"Jini Mbatisti?" Mkewe akacheka. "Mwaka mzima nimesubiri, baba watoto. Usinitie aibu kwa sababu ya lipu."

Jumapili mchungaji alimzamisha, akamwinua. Kwaya ikaanza kuimba. Mke wa mwashi hakuigeukia ngazi. Alikwenda taratibu hadi kwenye ule ukuta, akainua mguu kama anayepanda, mkono mmoja ukipapasa reli isiyokuwepo, wa pili ukiegemea lipu mbichi.

"Mama watoto," mwashi alinong'ona. "Njia ni huku."

Aligeuka, akamtazama mumewe kama mgeni anayejaribu kukumbuka jina, kisha akatabasamu na kumpa mkono. Ulinuka nguo zilizovunda.

Nyuma yake, kuanzia pale kiganja kilipogusa, lipu ilikuwa inakauka.