Aliyefunga Msafara

Shoga yangu Anifa wa mtaa wa Kikuyu si mwoga. Nyoka humuua kwa mwiko. Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, alipikia kambi ya likizo iliyowapitisha watoto wa shule kwenye njia ya misafara ya zamani, kutokea Bahi, eti wajifunze historia na uongozi. Yaani wabebe mizigo kichwani, jambo ambalo mama zao hulifanya bila cheti.

Mwalimu Bartolomayo alitangulia. Anifa alifunga msafara, kazi yake asiachwe mtoto.

"Zamani mpagazi akiugua aliachwa njiani," mwalimu alieleza. "Sisi, ukichoka, ita 'Nisubirini!' Wote tutasimama."

Giza liliwakuta porini. Upepo ulikuwa umetulia, zikasikika kandambili tu. Ndipo nyuma ya Anifa, mahali pasipokuwa na mtu, sauti iliyokauka ikaita, "Nisubirini!"

Watoto wakasimama. Anifa akageuka. Kiza kitupu, na pumzi za mtu aliyelemewa.

"Nani wewe?"

"Nisubirini." Sasa ilikuwa karibu.

"Tembeeni!" Anifa akafoka. "Asisimame mtu!"

Walipofika kambini aliwashika vichwa mmoja mmoja, akiwaita majina. Wote walikuwapo. Akashusha pumzi, akaanza kukusanya ngata walizojitwika nazo mizigo, zote za vipande vya kanga.

Katikati ya rundo mkono wake ukagusa ngata ya nyasi. Ilikuwa Julai na pori lote limekauka, lakini nyasi zile zilikuwa mbichi, zimelowa jasho, na jasho lenyewe bado lina joto.