Tangi Lililochemshwa

"Mwache apite, Kasa. Narudia, mwache apite."

Sauti ya Abdulghani, mkuu wake wa idara ya upelelezi, ilikuja safi ndani ya kofia ya pikipiki. Kasa lilikuwa jina la kazi. Jina alilopewa na mamake ni Jalila, na asubuhi hiyo alikuwa juu ya Yamaha nyeusi, akiliandama lori la tangi lililotoka Bombolulu kuelekea Magogoni.

Alichomoa simu, akalielekezea tangi. Ilionekana Samsung ya kawaida. Haikuwa. Kamera yake ilisoma joto, na kwenye kioo tangi lilikuwa jekundu kama kaa la moto.

Limechemshwa.

Ndani ya tangi mlikuwa na bakteria. Daktari Rosalia wa maabara ya Likoni aliwalea kama mtu aleavyo vifaranga. Ukiwamwaga mchangani pamoja na urea na maji ya chokaa, hutengeneza gundi ngumu kama jiwe, ikashikanisha chembe kwa chembe, hata mchanga wa pwani ukaweza kubeba ghorofa bila nguzo za chuma kutoka ng'ambo.

Muuzaji wa nguzo hizo, mgeni aliyejiita Viktor, hakutaka mambo hayo yafaulu. Alimnunua dereva. Tangi lilipopitia ghala lake la Bombolulu, hita ilitumbukizwa ndani. Bakteria waliokufa hawagandishi kitu.

Na mchanga wa Magogoni ulingojea kubebeshwa wodi ya akina mama wajawazito.

"Tunamtaka Viktor, si dereva," alisema Abdulghani. "Acha wamwage. Jengo likianza kupasuka, atakuja mwenyewe kupiga picha za kuonyesha bakteria hawafai, tumtie mkononi."

Maneno yaleyale.

Mwezi uliopita, kule Likoni, Jalila aliliona tangi jekundu vilevile. Aliambiwa aliache, akatii. Ulikuwa mtaro wa majaribio tu, hakuna atakayeingia. Siku chache baadaye mafundi wawili, Lewa na Dishon, waliteremka mtaroni kulaza mabomba, wakiamini kuta zimeganda. Mchanga ukawafunika. Jalila, ambaye pale kazini walimjua kama karani wa stoo, alifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka.

Dishon alitoka hai.

Lewa alitoka maiti.

"Kasa, umenisikia?"

"Sikusikii, Mkuu. Mtandao mbovu."

Akazima redio.

Kwenye tuta lori lilipunguza mwendo. Yamaha ilinguruma, ikalipita, ikakata njia. Breki zikalia. Dereva Dancun aliruka chini, spana ya magurudumu mkononi.

"Wewe mama, unataka kufa?"

Spana ilikata hewa. Jalila aliinama, akamtia kisukusuku cha mbavu, akamshika mkono na kuupindua. Spana ikaanguka. Mdomo wa Glock ukamgusa dereva sikioni.

"Mpigie Viktor."

"Viktor gani? Mimi sijui..."

"Ulikuwa ukila mahamri na Lewa kila asubuhi, Dancun."

Dereva akaacha kupapatika.

"Aliniambia ni mtaro wa majaribio. Ati hakuna mtu angeingia. Haki ya Mungu, dada."

Hayo ndiyo Jalila aliyokuwa akijiambia yeye mwenyewe, kila alipofumba macho.

"Mpigie," alisema tena. "Mwambie hita imekufa, bakteria bado wazima. Aje ghalani."

Viktor alikuja. Land Cruiser nyeupe iliingia ghalani, naye akashuka akifuta jasho shingoni. Dancun alisimama kando ya lori walilolirudisha, shati lake likiwa na kifungo kimoja kigeni, kinasa sauti cha Jalila.

"Umeharibu nini, wewe?"

"Nilichemsha, bosi. Kama lile la Likoni."

"Likoni kazi ilikuwa safi. Nataka hili lichemke vilevile, mpaka wafe wote."

Jalila alitokeza nyuma ya mapipa.

"Ahsante. Umetamka vizuri."

Beretta ilichomoka kiunoni mwa Viktor.

Phut!

Risasi ya Jalila iliwahi. Bastola iliruka, mgeni akapiga magoti akiukumbatia mkono wake. Pingu zikalia, moja, mbili.

Jalila akawasha redio.

"Mkuu, Viktor nimemfunga, na sauti yake ninayo. Daktari Rosalia apeleke tangi jipya Magogoni."

"Umevunja amri, Jalila."

"Naam. Nimechelewa kuivunja."

Mchanga wa Magogoni ulipogandishwa na kupimwa, Jalila alikwenda hospitali. Purity, mkewe Dishon, aliinuka upesi kumpisha kiti, akammiminia chai.

"Karibu, dada. Kama si mikono yako, leo ningekuwa mjane."

Jalila hakukaa. Dishon alilala miguu yote ikiwa ndani ya plasta, mashavu yamembonyea.

"Wa Magogoni umeshika?" aliuliza.

"Umeshika. Ukiugonga, nyundo inaruka."

Dishon aliugeuzia ukuta uso.

"Basi ni mimi. Urea ya Likoni niliipima mimi. Nilikosea vipimo, nikamuua Lewa."

"Kila siku ni hayo," Purity alinong'ona. "Hali chakula, halali usingizi. Mwambie, dada. Labda wewe atakusikia."

Idara ilikuwa imeshatoa amri: kesi ni siri, asiambiwe mtu.

"Hukukosea, Dishon," alisema Jalila. "Bakteria walikuwa wamechemshwa makusudi. Niliona tangi likipita. Nilijua. Nikanyamaza."

Kikombe alichokuwa akipewa kilikwama hewani. Purity alikirudisha mezani, polepole, bila kumtazama.

Dishon ndiye aliyemtazama.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

Hakuna aliyemwambia aondoke. Jalila alichukua kofia yake ya pikipiki, akatoka kwa mwendo wake wa kawaida, mgongo wima, hatua sawa. Hakugeuka. Alipofika mlangoni alimsikia Dishon nyuma yake, sauti imemkauka.

"Purity. Niletee chakula."